Mwindaji wa Mbegha na Dadu Tatu



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaotusoma kila juma, leo hatutaanza na Injili ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tunaanza na deni. Wengi wenu mtakumbuka kwamba mwaka jana, wakati wa masika, tulisimama baada ya Komunyo, kwenye matangazo, tukapiga marufuku "mchezo wa dadu" ambao vijana wetu walikuwa wakiucheza ukumbini kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Baadhi yenu mlipiga makofi. Nasi, tukiri, makofi yale yalitupendeza.

Ilikuwa hivi. Ijumaa moja jioni, ukungu ukiwa umeshuka kutoka Magamba hata mnara wa kanisa hauonekani, mama mmoja wa jumuiya alikuja ofisini, kanga imelowa. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Watoto wetu wanatupa dadu huko ukumbini, usiku, na wanaita mizimu ya Wakilindi. Mwanangu nimemsikia kwa masikio yangu akisema kwamba yeye ni mwindaji wa Mbegha." Dadu, usiku, mizimu: maneno matatu yalitutosha. Dadu kwetu ni kamari, na kamari tumeiona ikiuza mashamba ya viazi na kuvunja ndoa tulizozifungisha wenyewe. Ukumbi uko hatua hamsini kutoka ofisini mwetu. Hatukwenda kutazama. Dominika tukatangaza.

Vijana walitii. Hilo ndilo lililopaswa kututia shaka, kwa maana waovu hawatii upesi hivyo. Walikunja karatasi zao, wakarudisha meza mahali pake, na jambo likaisha, au tulidhani limeisha.

Aliyetuamsha ni katekista. Siku moja tukiwa tunahesabu hostia, alisema bila kuinua macho: "Padre, Ijumaa Kuu kijana wetu mmoja alikuwa Pilato. Alinawa mikono mbele ya kanisa zima, akamhukumu Bwana. Mbona yeye hatukumkataza?" Tulikosa jibu, tukajifanya tuna haraka. Lakini neno lilibaki moyoni. Sisi tuliopitia seminari tumefundishwa kusali kwa kuigiza. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, anamtaka anayesali ajiweke ndani ya tukio kwa mawazo, aone njia na pango, asikie wanayosema watu, hata ajifanye mtumishi mdogo anayewahudumia Maria na Yosefu pale Bethlehemu. Miaka mingi tumefanya hivyo kila mafungo. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaita mizimu.

Basi tukamwita kijana aliyeuleta mchezo huo, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa nyumbani likizo, tukamwomba atufundishe. Alikuja na daftari la mistari na dadu tatu za ludo ndani ya kopo la dawa. Tuliyoyajua baada ya jioni ile, na baada ya kujisomea sisi wenyewe, ndiyo haya.

Mwaka 1974, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, ulitolewa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna ubao wa lazima wala mshindi. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi: ndiye anayeeleza mlima, mto, mlango uliofungwa, mnyama anayetoka kichakani. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na mhusika huyo ameandikwa kwenye karatasi. Msimulizi husema, "Mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanyaje?" Kila mchezaji hujibu mhusika wake anafanya nini. Likiwa jambo jepesi, linatendeka. Likiwa na mashaka, dadu hutupwa, na idadi zilizo kwenye karatasi huamua kama limewezekana.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotuvutia kuliko yote. Mhusika hupewa sifa sita: nguvu, wepesi wa mwili, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Katika kanuni za kwanza kila sifa ilipatikana kwa kutupa dadu tatu na kujumlisha, kwa hiyo hakuna iliyo chini ya 3 wala juu ya 18, na 10 na 11 ndizo hutokea mara nyingi kuliko idadi nyingine yoyote. Angalieni kwamba akili na hekima zimetenganishwa. Wabunifu wale hawakuwa wanateolojia, lakini mtu anaweza kuwa na akili ya 17 na hekima ya 5, nasi tuliosoma nyumba za malezi tunaweza kuthibitisha kwamba watu wa namna hiyo wapo.

Stadi, yaani mambo ambayo mhusika amejifunza kuyafanya, kama kufuata nyayo, kupanda miamba, kutibu jeraha au kusema mbele za wakubwa, zilikuja kupewa nafasi kubwa baadaye. Mchezo uitwao RuneQuest, wa mwaka 1978, ulileta kanuni ambayo vijana wetu wameipenda: stadi hukua kwa kutumiwa. Ukiitumia ikafaulu, unaiwekea alama. Mwisho wa safari unatupa dadu tena, na safari hii ni lazima upate idadi inayozidi ile uliyo nayo ndipo uongezewe. Maana yake asiyejua kitu hujifunza upesi, na fundi huhangaika sana ili apige hatua moja. Mwingine, GURPS wa mwaka 1986, ulikuwa na kanuni ya kushangaza zaidi: anayekubali kubeba dosari, labda uziwi, woga au deni, hupewa pointi za kununulia uwezo mwingine. Dosari inaandikwa kwenye karatasi ileile pamoja na vipaji, na haiwezi kufichwa.

Mwanafunzi wetu alisoma kanuni za msingi za Dungeons & Dragons kwenye simu. Tangu Januari 2023 wenye mchezo huo wameziruhusu zitumiwe na watu wote bure, kwa hiyo hakuiba. Lakini unaotumika sana huko Marekani huhitaji dadu ya pande 20, na dadu kama hiyo hutaipata sokoni Lushoto hata ukizunguka siku nzima kati ya makabichi na mapeasi. Ludo ipo kila duka. Basi akachukua kutoka kila mchezo kilichomfaa: unatupa dadu tatu, na ukipata jumla isiyozidi idadi ya sifa au stadi yako, umefaulu. Mwenye 10 hufaulu mara moja kati ya mbili. Mwenye 14 hushindwa mara chache, maana kati ya namna 216 ambazo dadu tatu zinaweza kuanguka, 196 humfaa.

Na Wakilindi walitoka wapi? Kijana alisema alichoshwa na majoka na ngome za Ulaya. Babu yake alimsimulia habari za Mbegha, na shuleni alikutana na Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Ninyi wazaliwa wa hapa mnaijua simulizi kuliko sisi. Mbegha alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Alinyimwa urithi. Alikuwa mwindaji hodari wa nguruwe pori. Mtoto wa mtawala wa Kilindi alipouawa katika msako waliokwenda pamoja, Mbegha akakimbia na mbwa wake, akapanda milima hii. Huku aliwagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akakaa Bumbuli, kisha watu wa Vugha wakaja kumchukua, na katika safari hiyo akamuua simba. Hivyo ndivyo mwenye mkosi alivyokuwa mtawala wa Usambara. Mchezo wa vijana wetu ulikuwa huo: kila mmoja alikuwa mwindaji katika msafara wa Mbegha, na msimulizi alimshika Mbegha mwenyewe. Hiyo ndiyo mizimu iliyoitwa. (Tulipokuwa tukisoma tuligundua jambo dogo la kuchekesha: kitabu cha Steven Feierman juu ya ufalme wa Wasambaa kilichapishwa mwaka huohuo wa 1974, na katika jimbo lilelile la Wisconsin. Hatujui lina maana gani, lakini tulilifurahia.)

Tukaomba tucheze. Wakatuandikia mhusika, wakatukabidhi dadu. Nguvu 12, akili 13, ustahimilivu 9. Ilipofika zamu ya hekima, zikaanguka mbili, tatu na moja: 6. Ukumbi mzima ukanyamaza, kisha mmoja akashindwa kujizuia, wakacheka wote mpaka machozi. Tukauliza kama Paroko anaweza kurudia. "Kanuni hairuhusu, Padre," akasema msimulizi kwa adabu kabisa. Mwenye hekima ya 6 hufaulu kwa namna 20 tu kati ya 216. Mara tatu jioni ile tulitakiwa kutambua kama mtu anayezungumza nasi ni mkweli, na mara tatu tuliaminishwa uongo.

Ni wakati wa kicheko hicho ndipo mwanakwaya mmoja aliposema, kama mtu anayejisemea, "Angekuwepo fulani angecheka sana." Wengine wakanyamaza. Tukauliza huyo fulani ni nani. Wakatazamana, kisha wakatusimulia.

Ni kijana mnayemjua wengi wenu, hatutamtaja. Ana kigugumizi tangu utotoni. Alikuwa akijifunza useremala, na benchi mbili za upande wa Bikira Maria ni kazi ya mikono yake. Mara nyingi tulimwomba asome somo la kwanza, naye akatikisa kichwa, nasi tukamhesabu kuwa mvivu wa mambo ya Kanisa. Kwenye kwaya aliimba vizuri, kwa maana kigugumizi humwacha mtu anapoimba, lakini mazoezi yakiisha alikuwa wa kwanza kutoka. Siku walipoanza mchezo alikaa. Walipoambiwa kwamba kila mwindaji anaweza kuchukua dosari moja ili aongezewe mahali pengine, yeye alichukua ukigego. Mhusika wake alikuwa mtoto wa mkosi kama Mbegha. Na pointi alizopewa kwa ajili ya dosari hiyo, zote, alizitia kwenye stadi ya usemi, ikafika 13.

Jumamosi ya tatu msafara ulifika Bumbuli. Wazee walikuwa wamekaa, hawawataki wageni wenye mbwa. Ilibidi mtu aseme. Binti mmoja wa kwaya, mwenye ulimi mwepesi, aliinuka akatoa hotuba nzuri sana, yenye methali na heshima zote. Lakini karatasi ya mwindaji wake ilikuwa na mvuto wa 7, na stadi ya usemi hakuwa nayo. Msimulizi akamwomba atupe dadu. Zikatoka 12. "Wazee wanageuza uso," akasema msimulizi. Binti akapinga: "Lakini nimesema vizuri!" Akajibiwa: "Wewe umesema vizuri. Mwindaji wako hakusema hivyo."

Ndipo yule kijana akainua mkono. Akahangaika na neno moja kwa muda mrefu, nao wakamngoja, kwa sababu ilikuwa zamu yake na kanuni ya meza ni kwamba hakuna anayeingilia zamu ya mwenzake. Alichosema hatimaye kilikuwa, "Na-na-nawapa nyama kwanza." Basi. Msimulizi akatazama karatasi: usemi 13. Dadu zikaanguka: 9. Msimulizi akaeleza jinsi mwindaji kigego alivyosimama mbele ya wazee, maneno yakamtoka kama maji ya kijito, mzee mmoja akasogeza kigoda akampisha. Vijana walipiga makofi na kugonga meza. Mwisho wa jioni alitupa dadu za ukuaji. Alihitaji kuzidi 13, na namna zinazozidi hapo ni 35 tu kati ya 216. Akapata 15. Akafuta 13, akaandika 14.

Dominika iliyofuata ndiyo tuliyotoa tangazo letu.

Alikuja kuimba mara mbili baada ya hapo, kisha hakuja tena. Mwezi uliofuata aliteremka Korogwe kwenye karakana ya mjomba wake. Wenzake walisema aliondoka kwa ajili ya kazi, na huenda ni kweli kwa sehemu. Hakuna hata mmoja wao aliyetulaumu, na hilo lilitulemea zaidi.

Wachezaji wa michezo hii duniani, tumesoma, hubishana miaka yote juu ya jambo lililotokea Bumbuli: je, mchezaji msemaji apewe faida ya ulimi wake mwenyewe, au karatasi ya mhusika ndiyo ihesabiwe? Wako wanaosema hotuba nzuri iongezewe kitu, kwani vinginevyo mchezo unakuwa hesabu tupu. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Binti yule alistahili sifa, na tulimpa. Lakini tukilazimika kuchagua, tunaichagua karatasi. Mwenye misuli hatakiwi kuinua meza ili kuthibitisha nguvu za mwindaji wake; kwa nini basi mwenye kigugumizi atakiwe kusema bila kukwama? Kanuni tuliyoidhani ni kamba ya kuwafunga vijana ndiyo iliyomfungulia huyu mmoja mlango. Na sisi, tunaohubiri kila siku juu ya Musa aliyekuwa mzito wa kinywa, tukaufunga.

Tulirudi kwenye vitabu vyetu vya zamani, kama mtu anavyorudi kutafuta alipoangusha ufunguo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anauliza kabisa, katika sehemu ya pili ya Summa, kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo. Anajibu kwamba ipo, na kwamba roho huchoka kama mwili na hupumzika kwa kucheza. Kuna dhambi ya kuzidisha mchezo, anasema, na kuna dhambi pia ya kuupungukia, ya mtu mkavu asiyecheza na anayewakera wanaocheza. Tuliifanyia mtihani sura hiyo. Hatukukumbuka kwamba inaweza kututaja.

Na ile sifa ya sita, tuliyoiita mvuto, katika vitabu vya asili inaitwa kwa neno la Kigiriki lilelile analolitumia Mtakatifu Paulo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya kumi na mbili: kharisma, karama. Katika mchezo maana imesogea, imekuwa uwezo wa kuwavuta watu. Lakini Paulo alikuwa anawaambia Wakorintho kwamba karama zimegawanywa, na hakuna aliyepewa zote, na kiungo kinachoonekana dhaifu hakiwezi kuachwa. Meza ya vijana ilikuwa inafanya hivyo kwa penseli.

Tulimsimulia yote hayo mzee mmoja ambaye huwa tunacheza naye bao kibarazani kwake, tukirudi kutoka kuwapelekea wagonjwa Komunyo. Yeye ni Mwislamu, na ni fundi. Hutufunga kwa upole. Alisikiliza akinamua kete zake. Kisha akasema kwamba bao halina dadu wala karatasi. Kila mmoja ana kete 32: 22 mkononi, sita nyumbani, mbilimbili kwenye mashimo mawili ya pembeni mwa nyumba. Mnaanza sawa, kinachowatofautisha ni kichwa. Ukiweza kula, lazima ule, hata kama kula huko kutakuangamiza. "Na bao, Padre, halimtaki mtu aseme. Mkono ndio unaosema. Huyo mtoto mngemleta hapa." Kisha akala kutoka kimbi, akasambaza kete zake, akatwaa karibu kila tulichokuwa nacho mstari wa mbele. Tulikaa kimya kidogo, maana alikuwa na haki pande zote mbili.

Tunawatangazia basi, kwa mahali palepale tulipokatazia, kwamba ukumbi uko wazi Jumamosi hadi saa tatu usiku. Hakuna fedha mezani, na mzazi yeyote anakaribishwa kuketi. Yule mama wa kanga iliyolowa ameshakuja mara mbili, na mwindaji wake ana nguvu za 16.

Kwa kijana yule tuliandika barua kwa mkono, tukamwomba radhi bila kujieleza sana. Majuma matatu kimya. Kisha ukaja ujumbe mfupi kwenye simu: "Asante Padre. Mwindaji wangu bado yuko hai?" Tukamwuliza msimulizi. Akafungua daftari, akatusomea kanuni: mhusika ambaye mwenyewe hayupo hubaki kambini, anachochea moto na kuwaangalia mbwa. Dadu hazitupwi juu yake, na hakuna anayeruhusiwa kusema kwa niaba yake. Tukamwandikia hivyohivyo. Akajibu kwamba Krismasi atapanda basi la Lushoto, na kwamba tuangalie vizuri karatasi yake isije ikafutwa kwa makosa: usemi ni 14, si 13.